Taa ya Nasteho Kando ya Tana

Nasteho Isse alikuwa na miaka minane alipoona mto ukija chini ya jua kali. Ilikuwa kwao Rhamu, ambako Mto Daua huteremka kutoka milima ya Ethiopia. Mwezi ule hakuna hata tone lililokuwa limeanguka Rhamu. Baba yake alikuwa shambani akipalilia vitunguu, na maji yakaja yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima na mbuzi aliyevimba tumbo. Kufikia adhuhuri hapakuwa na shamba tena. Baba alitoka salama, lakini hakushika jembe tangu siku hiyo. Nasteho alipokuwa mtu mzima alisema kilichomkaa moyoni ni jambo moja tu: watu wa juu waliyaona maji yale saa nyingi kabla, na hakuna aliyewaambia watu wa chini.

Alikuja Garissa kusomea umeme katika chuo cha ufundi, akamaliza, akabaki. Akiwa na miaka thelathini na moja alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na soko la mifugo. Alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache, na mikono ya hijabu yake ilikuwa na vitundu vilivyochomwa na matone ya risasi ya kuunganishia nyaya. Wanaume waliomletea simu kwa mara ya kwanza walichungulia nyuma yake wakimtafuta fundi. Baadaye walizoea.

Kazi ikipungua, alipenda kuchezea bodi ndogo za kompyuta, zile zenye ukubwa wa kiberiti, alizoagiza Nairobi zikaja kwa basi. Alishatengeneza kipima joto cha friji ya chanjo za mifugo. Alishapamba duka la jirani kwa mkanda wa taa za rangi, ule ambao kila taa ndani yake ina namba yake, na bodi huiambia moja baada ya nyingine iwake rangi gani. Ulikuwa mchezo wake, kama wengine wanavyopenda mpira.

Dada wa baba yake, eedo Maka, alilima ukingoni mwa Tana, nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini. Wakulima kumi na wanne walikuwa pale pamoja, wakilima ndizi, matikitimaji na sukuma wiki, na kumwagilia kwa pampu moja. Mbele ya mashamba ni mto. Nyuma yake ni bonde refu lililojaa vichaka, ambalo inasemekana Tana ilipita humo kabla haijabadili njia. Barabara ya kutoka mashambani hukatiza bonde hilo. Hakuna nyingine.

"Unawapambia watu maduka," Maka alimwambia siku moja. "Mimi nitengenezee taa ya kuniambia mto umepanda. Macho yangu hayaoni tena alama za pale ukingoni."

Nasteho akaitengeneza. Kwenye nguzo iliyochomoza juu ya maji alifunga kihisi, wakulima wakakiita jicho, kinachopima umbali kutoka kilipo hadi usoni mwa maji. Waya wake ulikwenda hadi kwenye mlingoti mrefu karibu na ghala la Maka, na juu ya mlingoti ule akausimamisha mkanda wa taa wa mita tano. Betri na sola vilikaa ghalani, na waya wa umeme ulipita chini ya ardhi hatua thelathini, ukigusa ncha ya bonde, hadi mlingotini. Kijani ilimaanisha mto uko chini. Manjano, kusanya vitu vyako. Nyekundu, toka.

Aliongeza jambo moja ambalo hakuna aliyemwomba. Jicho likinyamaza kwa sababu yoyote, waya ukikatika au plagi yake ikichomoka, taa iwake nyekundu.

"Kwa nini nyekundu?" Maka aliuliza.

"Kwa sababu itakuwa haioni kitu, eedo. Taa isiyoona isiseme kijani."

Kwa wiki mbili kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha mkanda ukaanza kupepesa. Taa za kwanza zilitoa zambarau na bluu, rangi ambazo hakuna aliyeziagiza, zikazima, zikarudi. Asubuhi nyingine mkanda wote ulitetemeka kama mtu mwenye homa. Wakulima walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha kucheka, wakawa wanapita chini ya mlingoti wakiukwepa kwa macho.

Jioni moja ya Aprili mto ulipanda kidogo na taa ikawaka manjano, kama ilivyopaswa. Lakini kadiri mkanda ulivyopanda juu ndivyo manjano ilivyokolea, na ncha ya juu, ile inayoonekana kutoka mbali, ilikuwa nyekundu kabisa. Watu wakakimbia. Katika kukimbia huko Amran, bibi mwenye miaka sabini, alianguka kwenye mfereji akavunjika nyonga. Mto haukufika hata nusu ya ukingo.

Mwenyekiti wa wakulima aliitwa Deeq, mwanamume mzito wa mwili na wa maneno. Alimpigia Nasteho simu kesho yake.

"Amran yuko hospitalini," alisema. "Njoo urekebishe taa yako, au tutaing'oa."

Nasteho alifunga kibanda siku tatu. Pale mashambani aliyemsaidia alikuwa Abdiwali, mlinzi wa pampu, mtu wa miaka arobaini hivi kutoka Griftu. Huko alikuwa na ng'ombe thelathini. Ukame ulimmalizia wote, akamwacha mke wake Fartun na watoto, akaja mtoni kutafuta kibarua. Aliuogopa mto waziwazi, akiteka maji yake ya kutawadha kwa kopo lenye mpini mrefu. Lakini pampu aliipenda, aliipangusa kila jioni kama mtu anavyompangusa farasi.

Nasteho alimweleza kila alichofanya, kwa kuwa alitaka mtu wa pale aielewe taa. Kwanza aligundua kwamba bodi ilikuwa na betri yake ndogo na mkanda ulikuwa na yake, na nyaya za hasi za betri hizo hazikuunganishwa.

"Ni kama watu wawili wanaopimiana nafaka, kila mmoja na kibaba chake," alisema. "Bodi inasema moja, mkanda unasikia nyingine."

Akaziunganisha hasi. Kupepesa kukapungua lakini hakukuisha. Pili, bodi ilikuwa ghalani, mbali, na ishara yake ya volti tatu ilifika mkandani ikiwa imechoka, wakati mkanda ulitaka volti tano. Akaihamishia bodi mlingotini, chini kabisa ya mkanda, akaweka kidude cha kuinua ishara na rezista ndogo ya kuituliza kwenye waya wa data. Zambarau na bluu zikatoweka. Tatu ilikuwa ile nyekundu ya uongo. Umeme uliingilia chini tu, na ulipofika juu ulikuwa dhaifu. Manjano ya mkanda ni kijani na nyekundu zikiwaka pamoja; umeme ukipungua kijani ndiyo hushindwa mapema, nyekundu huendelea kuwaka, kwa hiyo manjano huwa nyekundu kadiri unavyokwenda. Akapeleka nyaya nyingine za umeme hadi ncha ya juu, na chini akafunga kapasita kubwa ya kutuliza umeme.

Walipoiwasha, manjano ilikuwa manjano kutoka chini hadi juu.

"Ikicheza tena nifanye nini?" Abdiwali aliuliza.

"Angalia kwanza plagi ya jicho, hii hapa. Ikiwa imelegea au imechomoka, irudishe. Mara nyingi ni hiyo tu."

Abdiwali aliichomoa plagi, taa ikawa nyekundu. Akairudisha, ikawa kijani. Alifanya hivyo mara tatu, akitabasamu.

Siku tisa taa ilitulia. Redio ilikuwa ikisema mvua ni kubwa milimani, na kwamba Tana itapanda. Garissa yenyewe ilikuwa kavu, upepo unarusha vumbi. Siku ya kumi, Jumatano, Maka alipiga simu baada ya adhuhuri.

"Inapepesa tena," alisema. "Safari hii inapepesa kama inayolala."

Nasteho alifika saa nane mchana. Mto ulikuwa umejaa lakini ulikuwa mbali na ukingo, na jicho lilisema hivyo. Kijani ilikuwa ikififia, inarudi, inafifia. Alipima kwa mita. Ghalani betri ilikuwa nzima. Mlingotini umeme uliofika ulikuwa nusu. Plagi ilikuwa imara, hasi zilikuwa zimeshikana, ishara ilikuwa safi. Ubaya ulikuwa katika zile hatua thelathini za chini ya ardhi, na humo palikuwa na kiungo kimoja tu, alipounganisha vipande viwili vya waya, kwenye ncha ya bonde.

Alichimba kwa jembe la Maka. Udongo wa juu ulikuwa vumbi. Chini ya shubiri moja ulikuwa baridi. Alipokifikia kiungo alikuta plastiki imejaa maji na shaba imeota kutu ya kijani, kutu ya siku kadhaa. Alikata, akaunga upya, akakitundika kiungo kwenye tawi la mkunazi. Nyuma yake mkanda ukaacha kupepesa.

"Alhamdulillahi, umeponya," Maka alisema.

Nasteho aliinama. Alikuwa akitazama shimo. Lilikuwa na maji vidole viwili alipoanza kuunga waya. Sasa yalikuwa yamefika nusu, maji ya kahawia, yakipanda bila kutoa sauti, na mchwa walikuwa wakitoka pembeni wakiwa wamebeba mayai.

Alitembea ndani ya bonde kuelekea juu. Ndege walikuwa wamenyamaza, au yeye hakuwasikia. Baada ya robo saa aliyaona. Yalikuja kama ulimi, membamba, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu. Mahali fulani juu, Tana ilikuwa imevunja ukingo na kuikumbuka njia yake ya zamani. Mbele ya mashamba mto ulionekana mpole kwa sababu sehemu yake ilikuwa ikija kwa nyuma.

Alirudi akikimbia, akamkuta Deeq akifunga mikungu ya ndizi.

"Mwenyekiti, watoe watu. Maji yamo ndani ya bonde. Yakijaa, barabara imekwenda na sisi tuko kisiwani."

Deeq aliinua macho kwenye mlingoti. "Taa yako ni kijani."

"Jicho linatazama mbele. Halioni nyuma."

"Mara ya kwanza ilisema nyekundu, mto ukawa haupo. Amran hatatembea tena. Leo inasema kijani, unaniambia mto upo. Nikawaambie watu nini? Waamini lipi?"

"Twende uyaone mwenyewe."

"Nina ndizi za kupeleka sokoni."

Nasteho alimwacha na mikungu yake. Kisha alikwenda mlingotini na kuichomoa plagi ya jicho. Mkanda ukawaka nyekundu kutoka chini hadi juu, bila kutetemeka.

Hakuwahi kudanganya kwa kutumia chombo alichokitengeneza mwenyewe. Lakini watu waliotazama juu waliona nyekundu moja, safi, na miguu yao ikaanza kwenda kabla vichwa havijaamua. Maka alifungua mbuzi. Wanawake walichukua magodoro. Deeq alikuja kwa hasira hadi chini ya mlingoti, akaiona plagi ikining'inia, akafungua kinywa. Ndipo mtu alipopiga kelele kutoka barabarani kwamba bonde lina maji. Deeq akafunga kinywa chake, akaenda kuwabeba watoto.

"Abdiwali yuko wapi?" Nasteho aliuliza walipokuwa wakivuka. Maji yalikuwa kifundoni.

"Ametangulia na mbuzi," mtu akajibu.

Wa mwisho walivuka maji yakiwa juu ya magoti, yana nguvu, yanavuta. Ng'ambo, penye mwinuko mkavu, watu walikaa chini wakihema. Mbuzi walikuwepo. Abdiwali hakuwepo. Aliyekuwa amewaswaga mbuzi alikuwa mkwe wa Deeq, mwenye kilemba chekundu kama cha Abdiwali.

"Atakuwa kwenye pampu," Maka alisema. "Chini kule, nyuma ya migomba. Hakuiona taa. Akipanda ataiona."

Wote waligeuka kutazama. Juu ya migomba mkanda ulikuwa ukiwaka nyekundu mchana kweupe. Nasteho alitoa simu akampigia. Namba ilikuwa ikitumika. Akapiga tena, ikitumika.

Wakiwa bado wanatazama, taa ikawa kijani.

"Nini hicho?" Deeq alisema. "Imeharibika tena?"

"Hapana," Nasteho alisema. "Haijaharibika. Amerudisha plagi."

Walipiga kelele wote kwa pamoja, wanaume wakivua vilemba na kuvipunga. Bonde lilikuwa limepanuka, na maji yalinguruma kuliko sauti zao. Nasteho aliingia majini hadi kiunoni kabla Deeq hajamkamata mkono.

"Niache! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

"Na mimi ndiye niliyekukatalia mwanzo. Ukifa wewe atapona?"

Alimvuta hadi nchi kavu na hakumwachia. Nasteho alipiga simu mara kumi na saba. Baada ya zile mbili za kwanza, namba haikupatikana tena.

Saa kumi na moja taa ikawa manjano. Mto wa mbele ulikuwa umeanza kupanda na jicho lilikuwa limeuona. Jua lilipogusa miti taa ikawa nyekundu, nyekundu yake ya kweli sasa. Ilifanya kazi yake bila kosa. Kabla ya maghrib kuisha ikazima.

Boti ya waokoaji ilifika kesho yake saa nne asubuhi. Maji yalikuwa madirishani mwa ghala. Pampu ilikuwa juu ya paa la mabati, imefungwa kwa kamba mafundo manne, kavu. Alikuwa ameipandisha peke yake. Yeye mwenyewe walimkuta wavuvi siku ya tano, chini sana, amenaswa kwenye mizizi. Walimzika siku hiyohiyo.

Fartun alikuja kutoka Griftu na mtoto mgongoni. Nasteho alikwenda kumwona nyumbani kwa Maka. Wanawake walimwambia asubiri siku za tanga ziishe, akakataa. Aliketi kwenye mkeka na kumweleza yote, plagi aliyoichomoa, na alivyomfundisha marehemu kuirudisha.

Fartun alimshusha mtoto mgongoni, akamlaza mkekani.

"Kila siku alinipigia kuniambia taa ni rangi gani," alisema. "Alikuwa na fahari nayo. Jumatano pia alinipigia. Alisema, 'Nilipopanda kutoka mtoni nimeikuta nyekundu, watu hawapo. Nilikuwa nimeanza kukimbia. Naona plagi imechomoka, ngoja niirudishe. Haya, sasa ni kijani, kwa hiyo nitamalizia kufunga pampu.' Tukaongea. Mtoto alikuwa ameota jino."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Saa kumi na robo."

Nasteho alitoa simu yake na kumwonyesha. Saa kumi na robo. Saa kumi na dakika kumi na sita. Fartun aliitazama ile skrini, akaelewa, akaweka kitambaa mdomoni. Hakumlaumu Nasteho, wala hakumwambia kwamba hana lawama. Walikaa hivyo hadi mtoto alipoamka na kulia.

Maji yaliporudi chini, wakulima walirudi. Deeq alimwomba Nasteho asimamishe taa upya, na alikataa miezi minne. Watu wa sokoni waliona kibandani mwake hakuna tena bodi wala mkanda, simu tu. Alipokubali, alileta masharti. Jicho la pili liwe ndani ya bonde. Plagi zikae ndani ya sanduku lenye kufuli. Mtu akiona hatari ambayo taa haijaiona, apige king'ora cha mkono, ili kila mmoja ajue kwamba hilo ni neno la binadamu. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama ng'ambo na kuhesabu watu.

Kazi hiyo aliiomba Fartun. Alikuwa amehamia mjini na watoto, na alikuwa amepewa pampu ya mumewe aiangalie. Mwezi wa Novemba taa iliwaka manjano kwa mara ya kwanza tangu isimamishwe, na watu hawakungoja nyekundu. Fartun alisimama barabarani akawataja mmoja mmoja kwa majina, akamrudisha mkwe wa Deeq mara mbili kwa sababu hakumwona usoni. Mto haukuvuka ukingo siku ile. Hakuna aliyelalamika kwa kukimbia bure.

Nasteho huenda pale kila Ijumaa na mita yake. Hupima betri, hupima jicho la mbele na la nyuma, kisha hutembea hadi ukingoni na kupima kwa hatua umbali kutoka mlingotini hadi majini. Tangu mwaka jana mto umekula hatua tisa. Mlingoti umehamishwa mara mbili, na nyuma yake sasa limebaki ghala tu, na nyuma ya ghala ni bonde.